Seva ya Kara-Bulung Yenye Milango Miwili

Kara-Bulung, 3 Oktoba

Dada Tursunai,

Mwenye bahati katika bonde hili lote ni mmoja, na ndiye anayekuandikia. Jumatatu nilimsindikiza Mama hospitali akachukue dawa zake, nimevaa buti za zizini, na nilipotoka nilikuwa mkuu wa mitambo ya mtandao. Usicheke. Nje ya ofisi ya Daktari Mairam kulikuwa na foleni ya vijana wenye vyeti, wengine wametoka mbali, mjini Naryn, wana tai, wana mikoba. Daktari akafungua mlango, akawatazama, akawachoka. Mimi napita zangu na glasi ya chai. Akasema, "Wewe mwenye mabega, ingia." Nikaingia. Nikatoka na funguo.

Unajua miaka yangu minne sokoni Novosibirsk, nafungua simu za Warusi kwa bisibisi moja. Kazi hii ni ileile, ila simu yenyewe ni kubwa na haina kioo. Inaitwa seva. Imepewa laini mbili za mtandao. Ya zamani inakuja kwenye nguzo za simu, polepole kama kondoo mgonjwa. Mpya inatoka kwenye mnara wa kilimani, na hiyo ina mbio. Kila laini imekuja na anwani yake, kwa hiyo seva yangu moja ina anwani mbili. Hata wewe, na seva zote za kazini kwako, huna.

Sasa sikia utamu. Mama anapigwa picha ya moyo hapahapa kijijini, picha inakaa kwenye seva, na Daktari Toktogon wako wa Bishkek anaifuata kwa laini mpya na kuisoma akiwa kitini kwake. Nimechomeka laini, taa ikawaka kijani, mara ya kwanza. Kwa hiyo lile wazo la kumhamishia Mama kwenye ghorofa yako ya nane kabla ya theluji, lifute.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijafika panaponoga. Esenkul dereva anakuletea barua na mfuko wa kurut, zile jibini kavu za chumvi. Za Mama mwenyewe.

Ularbek,
Mkuu wa Mitambo


Bishkek, 7 Oktoba

Ularbek,

Nimepata barua na kurut. Barua ina chumvi kuliko kurut.

Taa ya kijani maana yake waya umechomekwa. Hata birika langu la chai lina taa. Jana baada ya kazi nilikwenda kwa Daktari Toktogon nikaomba nikae kwenye kompyuta yao. Hawajawahi kupata picha yoyote kutoka Kara-Bulung. Nikabisha hodi kwenye anwani yako ya kwanza, seva ikaitika. Nikabisha kwenye ya pili, ile ya laini mpya, kimya. Nikabisha tena. Ni kama kubisha kwenye kaburi.

Daktari anataka kuuona moyo wa Mama kila baada ya wiki mbili majira yote ya baridi. Akikosa kuuona, hawezi kujua dawa ipande au ishuke. Na njia ya mlimani ya Dolon ikishafungwa na theluji, hakuna wa kumleta hapa akizidiwa. Kwa hiyo tukubaliane. Picha ikimfikia Daktari Toktogon kabla ya tarehe 20 Novemba, na njia ikawa ya kutegemewa, Mama anabaki kwake. Isipofika, nakuja na Esenkul kumchukua, apende asipende.

Usidhani nafurahia. Mwaka jana alikaa kwangu miezi mitatu. Kutwa yuko dirishani anayatazama magari kama anayachunga, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Sitaki kumleta huku. Kumzika sitaki zaidi.

Na mimi pia sitaki simu. Kwenye simu unasema "nimeelewa, nimeelewa" wakati sijafika nusu ya sentensi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Tursunai


Kara-Bulung, 15 Oktoba

Dada,

Kosa nimelipata, na liko kwenu Bishkek.

Nieleze nilivyohangaika ndipo uniamini. Nilipanda mlima mpaka kwenye mnara, nikaigonga ile sahani yao kwa nyundo, kistaarabu. Nikabadilisha waya wote wa laini mpya, kutoka paani hadi kwenye seva. Nikampigia simu fundi wa kampuni ya laini mpya nikamwambia maneno ambayo Mama akiyasikia ataniosha mdomo kwa sabuni. Akaja, maskini, na mashine zake, akapima, akasema laini ni nzima kama farasi wa miaka mitatu. Nikamwambia apime tena. Akapima tena. Kisha akala nyama yetu sahani mbili akaondoka.

Halafu nikafanya jaribio langu mwenyewe. Nikiwa ndani ya hospitali nikibisha hodi kwenye anwani ya pili, seva inaitika haraka kama bibi harusi mbele ya mama mkwe. Sasa kama mimi ananiitika na wewe hakuitikii, mbaya ni nani?

Mama hajambo. Amemkemea Esenkul kwa sababu eti mara ya mwisho uliporudi naye kutoka huku alikuweka kiti cha nyuma.

Ularbek,
Mkuu wa Mitambo, na sasa Mpanda Minara


Bishkek, 19 Oktoba

Ularbek,

Ndani ya hospitali unabisha ukiwa tayari sebuleni. Jaribu kuja kutoka nje ndipo tuzungumze.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia amri moja. Ukiiandika kwenye seva, inatega sikio kwenye laini mpya na kukuonyesha kila kinachoingia. Alhamisi baada ya chakula cha mchana nitakuwa kwa Daktari Toktogon, nitabisha kwenye anwani yako ya pili. Wewe kaa mbele ya kioo. Kisha niandikie ulichokiona. Nimesema ulichokiona, si ulichotamani kukiona.

Na usigonge mali ya watu kwa nyundo.

Tursunai


Kara-Bulung, 26 Oktoba

Dada,

Nimeona. Alhamisi, nimekaa mbele ya kioo, Daktari Mairam nyuma yangu na wauguzi nyuma yake, nimewaambia leo dada yangu anakuja kwa njia ya hewa. Wakadhani naleta mambo ya waganga. Mara hodi zako hizo, moja baada ya nyingine, zinaingia kwa laini mpya, na anwani ya Bishkek imeandikwa kwenye kila moja. Wauguzi wakapiga makofi.

Nikatega sikio kwenye seva yenyewe: inaitika. Kila hodi ina karibu yake. Unabisha, inasema karibu. Unabisha, inasema karibu. Haijakosa hata mara moja.

Kwa hiyo mimi na seva yangu tumemaliza kazi. Nyinyi huko mna masikio mabovu. Nenda kwa daktari wa masikio, nasikia Bishkek wapo tele.

Ularbek,
Mkuu wa Mitambo


Kara-Bulung, 2 Novemba

Tursunai mwanangu,

Anaandika Anara, mkwe wa jirani yetu Jumash, mimi nasema, na nimemwambia asipambe.

Sikiliza alichofanya mdogo wako. Jumash alikuwa na karamu ya kumlaza mjukuu wake kwenye susu. Unajua kiangazi hiki ameongeza chumba, na mlango wa pili unaotokea kwenye bustani ya miti ya tufaha. Watu wote waliingilia mlango wa barabarani, kama kawaida, wakavua viatu hapo, rundo kubwa. Ularbek akapewa kazi ya kuwaongoza wageni, maana kwa maneno hakuna anayemshinda. Karamu ikaisha, mlango wa barabarani ukajaa watu, wanasukumana. Yeye akajifanya mwerevu. Akawachukua wageni wa heshima, mzee wa kijiji cha juu, mullah, na Daktari Mairam, akawaambia, "Huku kuna nafasi, piteni huku," akawatolea mlango wa bustanini.

Mwanangu, wazee wa watu wakasimama kwenye tope lililoganda, na soksi. Mullah mguu mmoja juu mmoja chini kama korongo. Mbwa wa Jumash hakuwatambua, akawafukuza mpaka kwenye uzio. Nikamwambia mbele za watu, "Wewe, akili yako umeiacha Urusi? Viatu vyao viko barabarani, unawatolea kwenye miti wakafanye nini?" Akasimama na sinia mkononi, mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka peke yake, akatupa sinia, akakimbilia hospitali bila koti. Viatu vya watu nilivibeba mimi na Anara.

Mimi siji kwenye ghorofa lako. Niko vizuri, na kile kizunguzungu cha Agosti hakijarudi. Nimekutumia soseji ya farasi, usiwape wote wa kazini kwako.

Mama yako, Batma


Kara-Bulung, 3 Novemba

Dada,

Esenkul ana barua mbili. Ya Mama usiiamini sana, huwa anatia chumvi, ndiko nilikorithi.

Jana nikiwa kwenye karamu ya Jumash, kwa akili yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, nikagundua ugonjwa wa seva. Sikia. Hodi yako inaingilia mlango wa laini mpya. Inavua viatu pale. Seva inasema karibu, vizuri kabisa, halafu jibu linapotaka kutoka, seva inalielekeza mlango wa laini ya zamani, kwa sababu ndio mlango pekee inaoujua wa kutokea. Jibu linatoka bila viatu. Limevaa anwani ya laini mpya, limesimama kwenye uwanja wa laini ya zamani, na mbwa wa pale halijui. Analifukuza. Wewe uko Bishkek umekaa unasubiri, unadhani huku ni makaburini.

Ndiyo maana nikibisha kutoka ndani naitikiwa. Mimi sihitaji mlango.

Kama nimekosea niambie. Lakini sijakosea. Sema tu seva inafundishwaje kumtoa mgeni pale alipoacha viatu.

Ularbek,
Mkuu wa Mitambo na Mgunduzi


Bishkek, 8 Novemba

Ularbek,

Hujakosea. Nimesoma barua yako kazini, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna seva imeungua. Nimewasomea. Hapa ofisini sasa hakuna anayesema jibu limepotea njia. Wanasema limetoka na soksi.

Mama anasema ni yeye aliyekwambia kuhusu viatu. Wewe unasema ni akili yako. Namwamini Mama.

Sasa fanya hivi, taratibu. Seva yako ina jedwali moja la njia, na mstari wake wa mwisho unasema: kila anayekwenda mbali apitie lango la laini ya zamani. Inapojibu haiulizi mgeni aliingilia wapi, inauliza anakwenda wapi tu. Mstari huo usiuguse, maana laini ya zamani inauhitaji. Unachofanya ni kutengeneza jedwali la pili, na ndani yake unaweka lango la laini mpya peke yake. Kisha unaandika kanuni: chochote kinachotoka kikiwa na anwani ya pili, kisome jedwali la pili. Basi. Kila mgeni na mlango wake. Amri zote ziko kwenye karatasi ya njano, zinakili herufi kwa herufi, hata nafasi.

Chini ya karatasi ya njano kuna jambo la mwisho, nimelipigia mstari mara mbili. Amri ulizoandika kwa mkono, seva inazikumbuka mpaka izimwe. Umeme ukikatika, inaamka imesahau kila kitu. Kwa hiyo ziandike pia kwenye faili inayosomwa seva inapowaka. Nakujua. Usiliruke hilo.

Na swali. Kizunguzungu gani cha Agosti? Agosti wewe ulikuwa ndiyo kwanza umerudi kutoka Novosibirsk, uliniambia umechoka na soko. Nani alipata kizunguzungu?

Tursunai


Kara-Bulung, 13 Novemba

Dada,

Imekubali.

Nimeandika jedwali, nimeandika kanuni, nikabonyeza, na kabla sijafuta jasho simu ya Daktari Mairam ikalia. Ni Daktari Toktogon mwenyewe, anasema, "Nauona moyo." Mama alikuwa bado kitandani kwenye chumba cha picha, amefunikwa shuka. Akauliza, "Nani anauona?" Nikamwambia, "Mtu wa Bishkek." Akavuta shuka mpaka shingoni.

Daktari Mairam amenisamehe habari ya soksi. Mullah bado, lakini anajibu salamu.

Ile faili ya mwisho ya kwenye karatasi ya njano nitaiandika kesho. Leo hospitali nzima wanataka nieleze habari ya milango miwili, na ni hadithi ndefu ukiisimulia vizuri. Umeme wetu wiki hii ni mzuri.

Mwambie Esenkul asiweke kiti cha Mama, hakuna abiria.

Ularbek,
Mkuu wa Mitambo wa Mkoa, kama wangekuwa na akili


Bishkek, 16 Novemba

Ularbek,

Tarehe 12 picha ilifika. Daktari Toktogon anasema mapigo si mazuri, anataka kuona picha ya pili haraka ndipo aamue kuhusu dawa. Jana ameitafuta siku nzima. Leo nimekwenda mwenyewe nikabisha hodi. Anwani ya kwanza inaitika. Ya pili kaburi.

Umeme ulikatika, sivyo.

Huku milima haionekani kwa mawingu. Esenkul anasema Dolon ina siku chache. Anaileta barua hii leo, na tarehe 20 naondoka naye. Nimeshaomba ruhusa kazini. Nimeshatandika kitanda cha Mama karibu na dirisha.

Na hujajibu swali langu la Agosti. Umeandika ukurasa mzima na Agosti haimo. Wewe ambaye huwezi kupita kwenye habari ya mullah bila kuisimulia mara mbili.

Tursunai


Kara-Bulung, 19 Novemba

Dada Tursunai,

Esenkul ameniapia, mkono juu ya mkate, kwamba barua hii ataiweka mkononi mwako kabla hujafunga begi. Lifungue tena.

Ulisema kweli. Umeme ulikatika tarehe 14, seva ikaamka imesahau kila kitu, ikarudi kuwatolea watu bustanini. Barua yako imenikuta nimeshakaa sakafuni na karatasi ya njano. Nimeandika ile faili ya kuwakia, herufi kwa herufi, hata nafasi. Daktari Mairam akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia sisemi tena kwamba nina hakika, naonyesha. Nikamwita yeye na wauguzi, nikashika waya wa umeme wa seva, nikauchomoa. Muuguzi mmoja akafumba macho. Tukaiacha imekufa mpaka chai ikanyweka. Nikachomeka. Ikakohoa, ikawaka. Nikampigia Daktari Toktogon nikamwambia abishe. Akabisha. Akasema, "Naitikiwa." Nikachomoa tena mbele yake, nikachomeka tena, akabisha tena, akaitikiwa, akaniambia inatosha, ana wagonjwa wengine.

Picha ya pili ya Mama ameipata leo asubuhi. Amepandisha ile dawa ya kutoa maji mwilini, na amesema akae palepale alipo, apande ngazi chache, asinyanyue ndoo. Ndoo nimezichukua mimi. Anasema nakamua kama ninayekaba koo la mtu. Nitajifunza. Piga simu kwa Toktogon akueleze mwenyewe, usichukue neno langu.

Sasa Agosti.

Mama alianguka zizini, na ndoo ya maziwa juu yake. Anara ndiye aliyemkuta. Mama akamwapisha asikuambie wewe, kwa sababu ulikuwa unangoja ule ukubwa kazini kwako, na ungeuacha uje. Hakumwapisha asiniambie mimi, nadhani alisahau kama nipo. Anara akanipigia Novosibirsk. Meza yangu ya sokoni nikamwachia jirani, nikapanda treni. Sikuwa nimechoka na soko. Soko nililipenda.

Daktari Mairam akaniambia moyo huo unahitaji macho ya Toktogon majira yote ya baridi, na kwamba laini mpya ipo na seva ipo, ila kijana aliyekuwa anaijua amekwenda kufanya kazi Korea, na hakuna aliyeomba nafasi yake. Nikamwambia mimi naijua. Nilikuwa sijawahi hata kuiona seva. Akanikatalia. Nikarudi kesho yake. Nikarudi kila siku, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wake na buti zangu za zizini, mpaka Oktoba ilipoingia akanitupia funguo nimwondokee.

Foleni ya vijana wenye tai haikuwepo, Dada. Benchi lilikuwa na mimi peke yangu. Hakuna aliyeniambia nina mabega. Na ile bahati niliyokuandikia ni uongo, sijawahi kuwa nayo.

Ularbek